Besi yangu: waya ya E inavuma, ya G haisikiki. Naombeni ushauri

besi_moro
Wakuu habari zenu. Napiga gitaa la besi kwenye kwaya hapa Morogoro, mwaka wa 3 huu. Gitaa lina waya 4, umbo la Jazz Bass ya kampuni ya Fender ila si orijino, nililipata mtumba. Halitumii betri. Amplifaya ni ya wati 100, spika ya inchi 12, huwa inakaa kwenye kona nyuma ya drams.

Shida ni hii: nikipiga waya nene, E na A, sauti inajaa kanisa zima mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Nikihamia zile nyembamba, D na G, besi inapotea kama vile nimeacha kupiga. Jumapili iliyopita mwalimu wa kwaya aliniambia, "Besi naisikia, ila sijui unapiga noti gani." Neno hilo limenikaa moyoni, maana wenzangu wa sauti ya nne wananisikiliza mimi ili washike ufunguo.

Kwenye amplifaya besi iko 8, midi (sauti za katikati) 3, trebo (sauti za juu) 7. Nikiwa peke yangu nyumbani inapendeza sana. Kuna aliyenishauri ninunue kompresa, kile kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo. Hela nimeikusanya kidogo kidogo, sitaki ipotee bure. Nianzie wapi?

fundi_magitaa
Mkuu, kompresa iache kwanza. Itabana tofauti iliyopo, lakini chanzo kitabaki palepale ndani ya gitaa.

Weka nobu zote tatu za amplifaya katikati, kisha fanya jaribio hili. Piga D wazi, bila kubonyeza popote. Piga noti hiyohiyo kwenye waya ya A freti (kile chuma cha shingoni) ya 5, halafu kwenye E freti ya 10. Ni noti moja, sehemu tatu. Mlio wa kila waya utakuwa na ladha yake, ila nguvu zisipishane mno. Kama E inaizidi D kwa mbali, angalia pikapu, zile sumaku chini ya waya zinazonasa sauti.

Bonyeza waya ya E kwenye freti ya mwisho kabisa, chukua rula, pima nafasi kati ya tumbo la waya na sumaku iliyo chini yake. Fanya hivyo kwa G. Kwa gitaa kama lako mimi huanzia milimita 3 hivi upande wa E na milimita 2 na nusu upande wa G, halafu sikio linaamua. Waya nene inatikisa uga wa sumaku kwa nguvu zaidi, kwa hiyo upande wake unakaa chini kidogo. Skrubu za pembeni mwa pikapu ndizo zinazoishusha na kuipandisha. Zungusha robo mzunguko, piga, sikiliza, ndipo uendelee. Usiisogeze sumaku karibu sana, itaivuta waya na noti itayumba kama haijatuniwa.

Jingine: Jazz Bass ina nobu mbili za sauti, moja kwa kila pikapu. Zote zikiwa mwisho, ule mvumo wa umeme unapungua, lakini sauti za katikati nazo zinapungua. Na wewe kwenye amplifaya umezikata tena midi! Punguza pikapu moja kidogo tu, utasikia katikati panarudi.

Na waya zako ni za lini?

besi_moro
Nashukuru sana fundi. Waya tatu ni zilizokuja na gitaa, sijawahi kubadilisha, huwa nazichemsha kwenye maji zikififia. G ilikatika mwaka jana, mwenzangu akanipa yake.

fundi_magitaa
Hapo ndipo penyewe. Seti ya kawaida kwa unene ni 45, 65, 85, 105 (sehemu za elfu za inchi), kuanzia G hadi E. Hiyo ya kupewa huenda ni 40, na nyembamba inatoa sauti ndogo. Kuchemsha kunatoa jasho na uchafu, mlio unarudi kwa siku chache, basi. Hela ya kompresa nunua seti moja kamili, zote nne kwa mpigo.

dada_mitambo
Mimi nakaa kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, kanisani kwetu, nikuambie kinachotokea upande wa wasikilizaji. E wazi inatetema mara 41 kwa sekunde. Spika nyingi ndogo za makanisa hazifiki huko chini. Sikio la mtu linaitambua noti ile kwa milio yake ya juu, mara 82, mara 123 na kuendelea. Kwa hiyo ukizidisha besi na kukata midi, unaongeza ule mtetemo usio na jina na kufuta kile kinachomwambia mwalimu wako kwamba hii ni E, hii ni F. Peke yako nyumbani itapendeza. Kinanda na drams vikiingia, imezama.

Besi irudishe 5 au hata 4, midi ipande 6 au 7. Mwombe wa mikisa akate kila kilicho chini ya mitetemo 40 kwa sekunde, na asikilize kati ya 500 na 800, hapo ndipo noti zinapotamkika. Na hiyo amplifaya itoe kwenye kona, kaka yangu! Kuta mbili zikikutana zinaiongezea sauti nzito. Isogeze mbele, ipandishe juu ya kiti, spika ikutazame masikioni badala ya miguuni.

mzee_wa_dansi
Vijana mmesema vizuri, ila hakuna aliyegusa mkono. Nimepiga besi kwenye bendi za dansi miaka mingi. Mtu akipiga E anaipiga kwa bega zima, akifika G anaigusa kwa woga. Pandisha sauti ya amplifaya, punguza nguvu za vidole, kisha fanya mazoezi ya kupanda na kushuka polepole mpaka waya zote nne zikutii sawa. Ukiwa kwenye E sogeza vidole kuelekea darajani, pale waya zinapofungwa mwilini mwa gitaa, itakaza. Ukifika G rudi kuelekea shingoni, itanenepa.

Na waya usiyoipiga inyamazishe. Ukiwa D na G, kidole gumba kilalie E na A, la sivyo zinaitika zenyewe na huo ndio mvumo wenu. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alipiga kwa kidole kimoja tu, na chini ya waya darajani palikuwa na sponji. Kata kipande kidogo cha sponji ujaribu, noti itakuwa fupi na inayojulikana.

besi_moro
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimerudi na majibu. Pikapu ya shingoni ilikuwa milimita 1 na nusu upande wa E, zaidi ya 4 upande wa G. Nimerekebisha, nimefunga seti mpya, amplifaya iko juu ya kiti. Jana mazoezini sauti ya nne waliingia kwenye ubeti wa pili bila kusubiri kinanda, mwili ulinisisimka. Sponji nimeitoa kwenye mapambio, nimeiacha kwenye nyimbo za taratibu.

Limebaki moja: G freti ya 6 noti inakufa haraka, jirani zake zinaendelea.

fundi_magitaa
Hiyo ni shingo yenyewe, mkuu. Mbao inanyonya mtetemo wa noti ile, na magitaa ya namna hii huwa nayo sana maeneo hayo ya waya ya G. Nobu haitalitibu. Noti hiyo ikihitaji kurefuka, ichukue kwenye waya ya D freti ya 11.