Kuunganisha kompyuta mbili kwa waya mmoja bila ruta: ping haijibu

mchezaji_wa_pili
Wakuu, habari za humu. Nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10 na laptopu yenye Windows 11. Ruta sina, swichi sina. Kuna waya wa Cat5e wa mita 5 tu, nimeuchomeka huku na huku. Taa za tundu la netiweki zinawaka pande zote mbili, ila Windows inaandika "Unidentified network", nikipiga ping (amri ya kupima kama mashine ya pili inajibu) inajibu "Request timed out", na gemu ya mashine moja haiioni ya pili. Tunataka kucheza Counter-Strike 1.6 na Minecraft ya Java. Je, nitafute waya wa krosi (ule wenye nyaya za kutuma na kupokea zilizopishana)? Na anwani za IP niziandikeje?

waya_nane
Mkuu, taa zikiwaka pande zote mbili, waya hauna kosa. Krosi ilikuwa lazima kwa kadi za netiweki za zamani za 100 Mbps zisizoweza kubadilishana zenyewe njia ya kutuma na ya kupokea. Kadi za gigabiti karibu zote zinafanya hivyo bila kuambiwa. Ila kama taa zingekuwa zimezima na kadi zote mbili ni za zamani, hapo ungebana kichwa kimoja upya. Upande mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili chungwa na kijani zinabadilishana nafasi, yaani nyeupe-kijani na kijani zinaanza, nyeupe-chungwa inakaa ya tatu na chungwa ya sita.

Sasa anwani. Bonyeza Windows+R, andika `ncpa.cpl`, bofya kulia kwenye Ethernet, ingia Properties, kisha Internet Protocol Version 4. Ya mezani ipe 192.168.10.1, laptopu ipe 192.168.10.2, na maski ya zote mbili iwe 255.255.255.0. Gateway (anwani ya njia ya kutokea intaneti) na DNS acha wazi kabisa. Ukijaza gateway, Windows inaweza kuanza kupeleka mambo ya intaneti kwenye waya huu usiokwenda popote, na Wi-Fi yako itaonekana imekufa.

Usipoandika chochote, kila mashine itasubiri mtu wa kuigawia anwani, ikimkosa itajipa yenyewe inayoanza na 169.254. Hata hizo zinawasiliana, lakini kuziandika ndani ya gemu ni usumbufu, na zinaweza kubadilika.

bandari27015
Niongeze kwenye ping, maana hapo ndipo watu wanatupa waya wazima. Soma jibu lenyewe. "Destination host unreachable" maana yake mashine yako imeita na hakuna aliyeitika kwenye waya: anwani zimekosewa au waya haupitishi. "Request timed out" kwa anwani za mtandao mmoja mara nyingi ni tofauti: mwenzako yupo, ila fayawoli yake (ulinzi wa Windows unaochuja mawasiliano) imetupa ping. Hakikisha kwa `arp -a`, amri inayoorodhesha mashine zilizoitika kwenye mtandao. Ukiona 192.168.10.2 na namba ya kadi mbele yake, waya na anwani viko sawa.

Chanzo ni hilo neno "Unidentified network". Mtandao usio na gateway Windows haiutambui, hivyo inauweka kundi la Public na kufunga milango. Fungua PowerShell kama msimamizi, mashine zote mbili:

`Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private`

Ukizima na kuwasha inaweza kurudi Public, basi angalia tena kabla ya kucheza. Kisha kwenye fayawoli ruhusu `hl.exe` kwa ajili ya Counter-Strike na `javaw.exe` kwa Minecraft. Usizime fayawoli nzima, hasa ya laptopu, kwa sababu kesho itaunganishwa na Wi-Fi ya watu.

Seva ikiwashwa kwenye kompyuta ya mezani, usisubiri orodha ya LAN ijae. Kwenye konsoli ya gemu (dirisha la kuandikia amri) ya laptopu andika `connect 192.168.10.1:27015`. Minecraft ukibonyeza "Open to LAN" inakuonyesha namba ya bandari kwenye maongezi, na inabadilika kila mara. Mwenzako aandike anwani ya IP ya mwenye seva, nukta pacha, kisha namba hiyo. Matoleo ya gemu yawe sawasawa.

waya_nane
Kweli kabisa. Na kama `connect` inakubali lakini orodha ya LAN iko tupu, tazama una kadi ngapi. Gemu nyingi za zamani hutangaza seva kupitia kadi moja tu, na kama Windows imechagua Wi-Fi au kadi bandia ya VirtualBox (ile ya 192.168.56.1), tangazo haliufikii waya. Zizime humo humo kwenye `ncpa.cpl` mkiwa mnacheza.

mchezaji_wa_pili
`arp -a` imeionyesha laptopu, na baada ya amri ya PowerShell na kuruhusu `hl.exe`, tumeingia. Asanteni sana. Je, laptopu isiyo na tundu la waya kabisa?

bandari27015
Kuna adapta ya USB kwenda RJ45, chagua ya USB 3.0 kama unahamisha na mafaili makubwa. Kwa gemu tu hata ya 100 Mbps inatosha.

Bila adapta, washa hotspoti ya simu ya Android, zima data, na laptopu zote mbili ziingie humo. Bando halihitajiki, kwa kuwa simu inagawa anwani na kupitisha mawasiliano ya ndani. Hapo rudisha IPv4 ya Wi-Fi kwenye "Obtain an IP address automatically", halafu soma anwani ya mwenye seva kwa `ipconfig`. Baadhi ya simu zinazuia vifaa vilivyoungwa visionane. `Arp -a` ikikosa anwani ya mwenzako, jaribu simu nyingine. Na simu isikae mbali, iwe meza moja na laptopu, la sivyo ping (muda wa kujibu) itapanda na kushuka katikati ya mchezo.