MJADALA: Uwezekano wa mafuriko ukifika asilimia 20, watu wahame au wasubiri?

Mleta mada

Wakuu, tubishane bila matusi. Hoja yangu ni kwamba utafiti wa kutabiri mafuriko umeshatupa vingi kuliko tunavyovitumia. Pesa zaidi zisimwagwe kwenye modeli mpya (programu za kompyuta za kutabiri) kabla hatujakubaliana nani ana mamlaka ya kusema "hameni", na aseme uwezekano ukifika asilimia ngapi.

Chukueni Valencia, Hispania, 29 Oktoba 2024. Idara ya hali ya hewa ilipandisha tahadhari hadi nyekundu asubuhi, hata saa mbili haijafika. Ujumbe wa dharura kwenye simu za wananchi ulitumwa saa 2:11 usiku. Kuna mitaa ilikuwa imeshajaa maji, watu wamekwama barabarani na kwenye maegesho ya chini ya ardhi. Walikufa zaidi ya 220. Ujerumani, Julai 2021, hali ilikuwa hiyohiyo: EFAS, mfumo wa Ulaya wa tahadhari za mafuriko, ulianza kutoa taarifa kuhusu bonde la Rhine siku nne kabla, na bado bonde dogo la Ahr peke yake likapoteza watu zaidi ya 130.

Tatizo ni woga wa asilimia. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, hukokotoa utabiri 51 kwa mpigo, mmoja ukianzia kwenye hali ya hewa kama ilivyokadiriwa, na 50 kwenye hali iliyobadilishwa kidogo. Kumi kati yake zikionyesha mto unavunja kingo, hiyo ni kama asilimia 20. Afisa akiona 20 anasubiri ifike 80, na ikifika 80 barabara imeshakatika. Hesabu yenyewe nyepesi: kama gharama ya kuhama ni sehemu ya kumi ya hasara itakayoepukwa, kuhama kunalipa mara tu uwezekano unapozidi asilimia 10. Ndiyo, kwa asilimia 20 mara nne kati ya tano maji hayatakuja. Hizo nne ndizo bei ya ile ya tano.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hesabu yako imenyooka kwenye karatasi. Mtu akihamishwa bure mara nne, ya tano hatoki ndani, hata umpigie king'ora mlangoni. Na anayehama siyo wewe. Ni mwenye duka, mfugaji, mama mwenye mgonjwa kitandani. Siku ambazo maji hayakuja, nani anawalipa?

Mchangiaji wa pili

Mimi napinga kwa sababu nyingine. Mleta mada anaongelea mito mikubwa. Kijito kifupi hupanda ndani ya saa chache, na modeli ya dunia nzima haikioni. Huko bado tunahitaji rada, vituo vya kupima kina cha maji, na watafiti wengi tu.

Halafu hata hiyo Ahr, sayansi haikuwa safi kiasi hicho. Ramani za hatari zilijengwa juu ya vipimo vya kituo cha Altenahr, vilivyoanza miaka ya 1940. Mafuriko makubwa ya 1804 na 1910 yameandikwa kwenye kumbukumbu za bonde hilohilo, lakini hayakuingizwa kwenye hesabu. Matokeo yake, "mafuriko ya miaka 100" ya kwenye ramani yakawa madogo kuliko yale ambayo mababu wa pale walishayaona kwa macho. Na usiku wenyewe kituo kikasombwa, waliokuwa wanafuatilia namba wakabaki gizani.

(Hilo jina "mafuriko ya miaka 100" lenyewe linapotosha. Maana yake ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na hiyo ni kama asilimia 26 ya kuyaona walau mara moja ndani ya miaka 30, yaani kabla hujamaliza kulipia mkopo wa nyumba.)

Mchangiaji wa tatu

Mbona hakuna anayeitaja Derna? Libya, Septemba 2023: mabwawa mawili ya miaka ya 1970 yalipasuka usiku, wakafa maelfu. Mwaka mmoja kabla, mtafiti Abdelwanees Ashoor alikuwa ameshachapisha kwamba yanahitaji matengenezo ya haraka. Dhoruba ilitabiriwa, utafiti ulikuwepo. Mafundi ndio hawakupelekwa.

Mleta mada

Wa tatu, umenisaidia. Wa pili, vijito nakuachia, ila Valencia rada zilikuwepo.

Wa kwanza, kuhusu nani analipa, angalia Bangladesh, Julai 2020. Umoja wa Mataifa ulikubaliana na wadau mapema: utabiri ukivuka kiwango fulani, pesa zinatoka zenyewe, hakuna kikao. Kiwango kikavukwa, na familia za kando ya mto Jamuna zikapokea fedha taslimu kabla maji hayajafika kilele. Mwenye pesa mkononi anakodi mtumbwi, anahamisha ng'ombe, haulizi mara tatu kama utabiri ni wa kweli.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, hilo la Bangladesh nalipokea. Lakini bado unataka mtaalamu aandike kile kiwango. Mtaalamu anajua maji, hajui uvumilivu wa watu. Wakazi wa kando ya mto waulizwe wao kwanza, kabla ya msimu: mko tayari kuhama bure mara ngapi ili msikose ile moja? Wakisema mbili, utaratibu ufuate mbili, hata kama modeli yako inataka nne.