Kituo cha afya wanasema nisubiri watoe kizazi. Hakuna njia nyingine?

MamaNne aliuliza:

Habari zenu wapendwa. Watakaoona mada hii haifai hadharani wanisamehe, nimeishiwa watu wa kuwauliza.

Nina miaka 36 na watoto wanne, wote kwa njia ya kawaida. Wa mwisho alikuwa mkubwa, uchungu ukachukua usiku kucha na mchana wake, nikachanika vibaya. Tangu hapo nasikia uzito huku chini. Nikiamka asubuhi niko mzima kabisa. Ikifika jioni, hasa siku ya kuchota maji au ya kulima, kuna nyama laini inachungulia ukeni, naigusa nikijisafisha. Nikilala chali inarudi yenyewe. Kinachonitesa zaidi ni haja ndogo: nachuchumaa, unatoka kidogo, unakata. Mpaka niisukume ile nyama kwa kidole ndipo kibofu kiishe. Halafu nikikohoa tu, nguo imelowa.

Nilikwenda kituo cha afya. Aliyenipokea hakunipima, aliniuliza maneno mawili matatu akasema, "Hicho ni kizazi, ukimaliza kuzaa uje kitolewe." Nikauliza kwa sasa nifanyeje, akawa ameshaita mgonjwa mwingine.

Je, ni lazima kitolewe? Nikishika mimba tena itakuwaje? Na msiniambie niache kubeba vizito, maana asiyebeba kwangu ni mtoto mchanga peke yake.

Bi_Subira alijibu:

Pole sana dada, hauko peke yako. Mimi changu kilikuwa kinatoka chote, kinasuguana na nguo mpaka kikafanya vidonda. Nilikaa nacho miaka nikidhani ndio uzee. Aliyekuja kunisaidia hata kisu hakugusa, aliniwekea pete ya silikoni ndani. Leo nachuchumaa, natembea, nacheza na wajukuu. Uliza habari za pete kabla hujauliza habari za kisu.

Tiba_ya_Asili alijibu:

Kuna mizizi inasagwa na shabu, unaweka ukeni siku saba, kila kitu kinabana na kurudi mahali pake. Njoo pembeni nikuelekeze.

MkungaMstaafu alijibu:

MamaNne mwanangu, usiende pembeni na mtu. Nimewapokea waliokwenda. Hizo dawa za kubana zinaunguza ngozi ya uke, kidonda kikipona njia inakuwa imeshikana, na kilichoshuka bado kipo palepale. Hilo tuliache.

Sasa yako. Aliyesema ni kizazi bila kukulaza kitandani amebahatisha. Kinachochungulia kinaweza kuwa ukuta wa mbele wa uke, na nyuma yake kuna kibofu. Kinaweza kuwa ukuta wa nyuma, upande wa haja kubwa, ndiyo maana wengine husukuma kwa kidole ili wapate choo. Kinaweza kuwa mlango wa kizazi wenyewe, au vyote kwa pamoja. Mkojo kukatika mpaka usukume, mimi ningeanza kushuku kibofu. Na lazima mlango wa kizazi uangaliwe kwa macho, kwa sababu si kila nyama inayoonekana ukeni ni kiungo kilichoshuka. Uvimbe na saratani hukaa hukohuko.

Kuna kipimo kinachotumika duniani tangu 1996, hatua ya 0 mpaka ya 4, kwa sentimita kutoka usawa wa kizinda. Hatua ya 2 ni kilichofika karibu na mlango wa uke, sentimita 1 juu au chini yake. Ya 4 ni kilichotoka chote, kama cha Bi Subira kabla ya pete. Wewe kwa maelezo yako huenda uko ya 2 au ya 3, lakini hapo nami nabahatisha, sijakuona.

Kwa nini imekupata? Viungo hivi vimekaa juu ya misuli iliyotandazwa chini ya nyonga, mfano wa kamba za kitanda: zikilegea, godoro linazama. Uchungu mrefu, mtoto mkubwa na kuchanika huilegeza misuli hiyo na wakati mwingine huing'oa kwenye mfupa. Halafu mzazi anarudi kwenye ndoo na jembe kabla mwili haujafunga. Ongeza kikohozi kisichoisha na choo kigumu cha kusukuma kila siku. Hedhi ikikoma homoni nayo inapungua, tishu zinakuwa nyembamba, ndiyo sababu wengine huanza kuona dalili wakiwa bibi.

Mapitio ya tafiti za nchi maskini yaliyochapishwa 2011 yalikuta wastani wa karibu asilimia 20 ya wanawake wana tatizo hili. Vijijini Gambia, utafiti wa 2002 ulikuta asilimia 46, kwa viwango tofauti. Wengi hata mama zao hawajawaambia. Nepal jambo lilifika mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2008 ikaamua kwamba kuacha wanawake wateseke na kizazi kilichoshuka ni kuvunja haki zao, serikali ichukue hatua. Nalitaja kwa sababu wewe umeanza kwa kuomba msamaha. Wa kuomba msamaha hapa si wewe.

Swali la kwanza: hapana, si lazima kitolewe. Hatua zako zina njia tatu na unaweza kuzichanganya.

Mazoezi ya misuli ya nyonga yana ushahidi. Jaribio kubwa lililotoka 2014, wanawake 447 wa Uingereza, New Zealand na Australia, lilionyesha waliofundishwa mazoezi mmoja mmoja walikuwa na dalili chache baada ya mwaka kuliko waliopewa karatasi ya maelezo tu. Hayatarudisha kilichotoka chote, lakini kwa hali kama yako yanapunguza uzito na mkojo wa kuvuja.

Pete ya Bi Subira ndiyo ningekupigania uipate. Haiponyi, inashikilia. Zipo saizi nyingi, kwa hiyo unapimwa, na usiondoke kabla hujatembea, hujachuchumaa, hujakohoa na hujakojoa ukiwa nayo. Ikianguka au ikiuma ni saizi tu, warudie. Ikikaa vizuri wala huisikii. Mwombe akufundishe kuitoa mwenyewe: unaingiza kidole, unaikunja, unaivuta, unaiosha kwa maji safi na sabuni, unairudisha. Asiyeweza kuitoa arudi kituoni kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Iliyosahaulika miaka inachimba vidonda na hata kutoboa kibofu. Na si kitanzi, haizuii mimba.

Upasuaji unakuja dalili zikizidi na pete ikikataa. Hapo pia kuna kushona kuta za uke na kukifunga kizazi mahali pake bila kukitoa. Na hata kikitolewa, uke wenyewe unaweza kushuka baadaye. Takwimu za Marekani zilizochapishwa 1997 zilionyesha karibu asilimia 29 ya upasuaji wa kushuka viungo na kuvuja mkojo ulikuwa wa kurudia. Kwa hiyo mtu akikwambia "tukitoe, basi", jua amekupa nusu ya habari.

Mimba: unaweza kushika na kuzaa, wengi wamezaa. Lakini mimba na uchungu vinaweza kukizidisha au kuharibu kilichoshonwa, ndiyo maana madaktari hupenda upasuaji usubiri mpaka umemaliza kuzaa. Kwa hilo tu yule wa kituoni alikuwa sahihi. Kosa ni kukuacha usubiri mikono mitupu.

Usisubiri hata siku moja ukiona mkojo umegoma kabisa, damu isiyo ya hedhi, harufu mbaya na homa, au kilichotoka kimevimba hakirudi. Mkojo ukibaki nyuma muda mrefu unapanda mpaka kwenye figo.

BabaMapacha alijibu:

Samahani kina mama, naingia kama mume. Mke wangu ana hali hii na mimi nimekuwa nikikwepa kumgusa, naogopa kumwumiza, na yeye anadhani nimemchoka. Je, tendo la ndoa linaharibu zaidi?

MkungaMstaafu alijibu:

Haliharibu baba. Kilichoshuka kinarudi ndani, hakipasuki. Akisikia maumivu mbadilishe mkao, au mtumie kilainishi, hasa kama hedhi imekoma. Pete ya duara wengine hubaki nayo, wengine huitoa kwanza, nyote wawili mtazoea. Kuna aina nyingine za pesari, yaani vifaa vya kushikilia kama hiyo pete, zile nene zenye kikonyo, hizo lazima zitolewe. Kama kuna kidonda kinachotoa damu, mngoje kitibiwe.

Lakini hayo uliyoandika hapa, mwambie yeye. Na ukishamwambia, chukua ndoo. Hakuna dawa ninayoandika humu inayoshinda mtu mwingine kubeba maji nyumba hiyo.

MamaNne alijibu:

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili, nimelia kidogo, nimemwonyesha mume wangu simu. Mawili tu: hayo mazoezi nitajuaje nabana panapotakiwa? Na nikirudi kule kule nikakutana na yule yule, niseme nini?

MkungaMstaafu alijibu:

Marahaba mwanangu.

Lala chali, magoti juu. Fanya kama unazuia upepo usitoke mbele za watu, na hapohapo kama unazuia mkojo, vuta kwa kwenda juu. Makalio, mapaja na tumbo vitulie, na usizuie pumzi. Ukiingiza kidole safi ukeni utasikia kinabanwa na kuvutwa ndani. Ukisikia kinasukumwa nje, unafanya kinyume na utazidisha, omba kufundishwa na mtu wa fiziotherapia au mkunga. Shikilia kadiri unavyoweza ukilenga sekunde 10, achia kabisa, rudia mara 10, asubuhi, mchana na usiku. Mpaka miezi mitatu au minne ndipo uhukumu. Usizoee kufanyia kwenye mkojo unaotoka, itakuharibia kibofu kumaliza. Na kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua ndoo, bana kwanza, nyanyua huku unatoa pumzi. Mbili nusu nusu ni bora kuliko moja iliyojaa.

Kuhusu kule: usiende asubuhi, kwa sababu asubuhi kimepanda na mtu mvivu atasema haoni kitu. Nenda alasiri baada ya kazi. Usianze na neno kizazi. Sema, "Kuna nyama inatoka ukeni, nashindwa kumaliza mkojo mpaka niisukume, naomba nipimwe." Akikulaza na haoni, mwambie akuangalie ukiwa umesimama na ukikohoa. Omba wapime mkojo, na kama wana chombo waangalie unabaki kiasi gani baada ya kukojoa. Kama kwa umri wako hujawahi kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, iombe siku hiyohiyo. Kisha uliza, "Pete mnayo?" Wakisema hawana, usiondoke bila karatasi ya rufaa ya kwenda penye daktari wa wanawake, na iandikwe sababu, siyo "maumivu ya tumbo".

Mume aende nawe. Awe ndani ya chumba, siyo nje kwenye benchi.