Bethidei kwenye baa ya juu ya paa: wa Unguja na Pemba, tupeane uzoefu

Mtoa mada, Kikwajuni

Assalaam aleikum wapenzi. Mwanzoni mwa Februari, kabla ya Ramadhani, nilitimiza miaka 40. Safari hii sikutaka turubali uani kwa mama. Nikaalika watu 25 kwenye baa ninayoipenda kule Shangani, ya juu ya paa, inayotazama bahari.

Mie situmii kileo. Pale napapendea yule kijana wa kaunta na kokteli zake za matunda. Anaponda iliki mbele yako, anakamulia ndimu, anatia sharubati ya bungo iliyochujwa vizuri, anatikisa na barafu mpaka chombo kinatoka jasho, kisha anakumiminia kwenye glasi iliyopakwa chumvi na pilipili mdomoni. Sukari anaweka kidogo sana, na ndivyo inavyotakiwa, maana bungo ukilizidishia sukari unaua ule ukali wake.

Kilichoninyima usingizi ni waalikwa. Mamdogo wangu hajawahi kukanyaga baa maishani. Wenzangu wa kazini waliotoka Bara, wengine wanakunywa bia na Konyagi. Nilitaka wote hawa wakae pamoja na asiwepo anayejiona kaja pasipo pake. Wiki mbili kabla nikaenda kwa meneja, tukakubaliana: kinywaji cha kukaribisha wageni kiwe cha matunda kwa kila mtu, glasi za aina moja, na asumini mbichi kando. Anayetaka kileo akaagize mwenyewe kaunta. Nguo nilisema tu rangi ya embe bivu, kila mtu ashone atakavyo, mwenye gauni sawa, mwenye mtandio sawa.

Mamdogo nilimwendea mwenyewe, sikumtuma mtu. Nikamwambia ni baa, sikumficha. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na Magharibi tutaswali wapi, mwanangu?"

Swali lile ndilo lililonipangia shughuli nzima. Shangani jua linazama baharini mbele ya macho yako, na Februari ni kama saa 12:45 jioni. Kila mtu anataka keki ikatwe jua likigusa maji. Lakini adhana inafuata pale pale, na misikiti ya Mji Mkongwe imekaribiana, huu ukianza na ule unaitikia. Basi keki tukaikata saa 12:20, mwanga bado mzuri kwa picha. Saa 12:40 muziki ukazimwa. Meneja alikuwa ametutandikia mikeka chumba cha chini, wanaoswali wakashuka, waliobaki juu wakakaa kimya wanatazama madau yanarudi. Waliporudi, ndipo watu walipochangamka hasa. Mamdogo aliondoka saa 3 usiku, na alikunywa glasi mbili za bungo.

Hayo yangu. Nyie mlifanyaje? Nataka hasa kuwasikia wa shamba na wa Pemba.

Mchangiaji, Jang'ombe

Mashaallah, hongera sana. Yangu ni ya zamani. Januari 2010 mume wangu alitimiza miaka 30, na wanaokumbuka wanajua Unguja ilikuwaje. Umeme wa kutoka Bara ulikatika Disemba 2009 ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu ya giza. Baa tuliyoizoea ilikuwa inawasha jenereta saa chache tu usiku, na friji hazigandishi kitu. Kokteli bila barafu hainyweki, kwa hiyo binamu yake alituletea maboksi mawili ya barafu kwa boti kutoka Dar, yamefungwa magunia na maranda ya mbao. Yalifika nusu yameyeyuka lakini yalitosha.

Taa tuliazima kwa majirani. Chemli kila meza, na karabai moja kubwa kaunta. Mwenye baa alikamua miwa kwa mkono pamoja na tangawizi na ndimu. Sijaona tena sherehe iliyopendeza kama ile. Mpaka leo kila Januari tunazima taa za sebuleni tunawasha chemli.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Mimi nasema la keki, maana liliniumiza. Ukifanya Mji Mkongwe, kumbuka gari halifiki mlangoni. Keki yangu ya ghorofa tatu ilishushwa barabarani, ikabebwa mikononi kwenye vichochoro, ikapandishwa ngazi za mbao zilizosimama wima. Ilikuwa kaskazi, joto lile, na krimu ya siagi. Ghorofa ya juu iliteleza kabla hatujafika. Sasa naagiza keki ndogo ndogo, kila moja na boksi lake, na napeleka asubuhi ikae kwenye friji ya baa.

La pili, ulizeni bei kwa maandishi. Sehemu moja, sitaitaja, walinitoza pesa ya kukatia keki niliyokuja nayo, na bili ikaja kwa dola wakati tulizungumza kwa shilingi. Nililia nyumbani siku ile.

Mchangiaji, Paje

Huku pwani ya mashariki angalieni maji kabla hamjatangaza tarehe. Dada yangu alitaka bethidei ya asubuhi kwenye baa ya ufukweni, saa 4, picha na maji ya buluu nyuma. Ilikuwa mwezi mpevu. Bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku linajaa alfajiri na alasiri, na saa 4 asubuhi maji yamekupwa yamekwenda mbali kabisa. Kilichoonekana ni mchanga, vijiti vya mwani, na akina mama wameinama kazini. Tuliwasalimu, tukawaomba ruhusa, hatukuwapiga picha. Tukasubiri mpaka saa 9 maji yakawa yamepanda, na wageni wawili walishaondoka.

Siku za bamvua wekeni shughuli saa 10 jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haitoki sana, lakini ulizeni wavuvi wa hapo hapo.

Mchangiaji, Wete

Huku kwetu baa za namna hiyo hatuna za kuchagua, na sioni kama nimepungukiwa. Nilimfanyia mke wangu kaunta barazani. Nilichemsha sukari na karafuu sita na kijiti cha mdalasini mpaka ikawa nzito, nikaipoza. Kijiko kimoja kwenye glasi, ukwaju uliochujwa, barafu, Stoney juu, na jani la nanaa. Watoto walivaa kanzu wakawa ndio wahudumu. Karafuu msizidishe, inachoma ulimi.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Mtoa mada, na malipo ulipangaje? Mikeka walikutoza?

Mtoa mada, Kikwajuni

Dada yangu, pole sana kwa yale ya dola. Mie nililipa nusu kabla, kwa shilingi, na risiti imeandikwa idadi ya watu, kinywaji cha kukaribisha, na kwamba keki naleta mwenyewe. Chumba na mikeka hawakunitoza hata senti.

Kaka wa Wete, hiyo ya ukwaju na karafuu nampelekea kijana wa kaunta wiki hii. Na wewe wa Paje, mamdogo anataka tutoke tena, safari hii ufukweni. Niambie bamvua lijalo ni tarehe ngapi.