Kuwazalisha perege wa Ziwa Chala na kuwarudisha ziwani

Swali (Moshi)

Wakubwa zangu, shikamooni. Kikundi chetu kina mabwawa ya sato, nasi tunafikiria kulitenga moja kwa ajili ya perege wa asili wa Ziwa Chala lililoko Rombo, Oreochromis hunteri kwa jina la kisayansi, ambaye haishi penginepo duniani na ameorodheshwa katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Jenasi (kundi la spishi jamaa) ya Oreochromis, ambamo sato naye amo, ilipewa jina hilo mwaka 1889 kutokana na samaki huyu wa Rombo, kwa hiyo kumpoteza ni jambo lisilovumilika. Je, tukipata vifaranga wengi, yatosha kuwamwaga ziwani?

Jibu la 1 (Usa River)

Marahaba. Wingi wa vifaranga si tatizo. Tatizo ni wazazi wao. Bwawani dume mmoja mwenye nguvu huwafukuza wenzake na kurutubisha mayai ya majike karibu wote, hivyo hata ukivua vifaranga maelfu watakuwa ndugu wa baba mmoja. Kwa hesabu ya urithi, majike 20 na madume 2 ni sawa na kundi la samaki 7 hivi. Tenganisha wazazi katika vizimba vidogo, badilisha madume, na kwa kuwa jike huatamia mayai kinywani, chukua idadi inayolingana ya vifaranga kutoka kwa kila mmoja.

Usiwaweke bwawani vizazi vingi pia. Utafiti uliofanywa kwa samaki wa Mto Hood, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba uwezo wa kuzaana porini ulipungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kifungoni.

Jibu la 2 (Rombo)

Naongeza, na hili ndilo zito kwangu: kilichompunguza bado kimo ziwani. Aina nyingine za perege ziliingizwa humo na watu, nazo hugombania naye chakula na mahali pa kuzalia, na katika ziwa lenye kina cha mita 90 hivi hakuna wavu utakaowamaliza wageni hao.

Chura wa Kihansi, yule mdogo wa bonde la Mto Kihansi hapa Tanzania, alinusurika kwa sababu mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, huku bondeni ikiwekwa mitambo ya kunyunyiza maji badala ya manyunyu yaliyopotea baada ya bwawa la umeme kujengwa. Kuwarudisha kulianza mwaka 2012. Makazi yalishughulikiwa kwanza. Kwa hiyo bwawa lenu liwe akiba, tena lisiwe peke yake, maana ugonjwa mmoja waweza kulimaliza. Sato wasikaribie hata mfereji wake, kwani huchanganyika kizazi na jamaa zao.

Muuliza swali

Nimewaelewa, wakubwa zangu. Tutaanza kwa afisa uvuvi wa wilaya kuomba kibali cha kuwachukua wazazi, na watafiti wawathibitishe kwa vinasaba kwamba si machotara. Bwawa lililo juu kabisa ya mfereji, mahali ambapo maji ya sato hayafiki, ndilo tutakalolikausha na kulitenga.