Karatasi za Ma'mdogo

Kikundi: Ukoo wa Pongwe
Jumapili

Mwanaidi wa Birmingham: Asalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Mama kamaliza kemo ya sita ya saratani yake ya matiti wiki mbili zilizopita. Kipimo kimetoka kizuri, vile vivimbe vya kwenye ini vimesinyaa sana. Sasa daktari wake kampa karatasi za utafiti, anamwomba aingie. Kurasa 23. Jibu linatakiwa Alhamisi. Mama kasema niwaambie nyie kwanza.

Mjomba Salehe: Waalaykum salaam. Utafiti gani tena? Si umesema dawa zimefanya kazi? Mtu ndo kwanza anapata nafuu halafu anafanywa wa kujaribiwa?

Mwanaidi wa Birmingham: Nafuu ipo Mjomba, ila hajapona. Saratani ya matiti ikishasambaa kwa kawaida inatulizwa tu. Kemo wameisimamisha kwa sababu mwili umechoka. Kucha zimekuwa nyeusi, vidole vina ganzi, vifungo vya nguo namfunga mimi. Zile dawa mbili nyingine zinaendelea kila baada ya wiki tatu. Wanachotaka ni kuongeza kidonge juu ya hizo mbili, waone kama kitauchelewesha ugonjwa kurudi.

Mjomba Salehe: Ile picha ya ukurasa wa nne uliyonitumia nimempa kijana wa jirani anisomee. Inasema nusu yao watapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Mdogo wangu apewe unga mtupu, na yeye mwenyewe asijue? Mimi hilo sikubali.

Kaka Athumani Mombasa: Hata mimi hapo nimekwama. Kama wanaiamini hiyo dawa si wawape wote?

Da Mwajuma Dar: Shikamoo Mjomba. Ndo natoka zamu, nimesoma yote kwenye daladala. Naomba mnivumilie, nitaandika mengi. Miaka tisa niko wodi ya saratani na swali hili naulizwa kila wiki.

Da Mwajuma Dar: Kwanza hakuna anayeachwa na unga mtupu. Ma'mdogo akiingia ataendelea na zile dawa zake mbili, trastuzumab na pertuzumab, awe upande wowote. Hiyo ndiyo tiba ambayo angepewa hata asingeingia. Kinachopigiwa kura, yaani kugawiwa kwa bahati, ni kile kidonge cha juu yake tu. Kura inapigwa na kompyuta, daktari mwenyewe hajui nani kapata nini, ili asije akamwona wa dawa kuwa ana nafuu kwa sababu anatamani iwe hivyo.

Da Mwajuma Dar: Athumani, hawawapi wote kwa sababu hawajui kama inasaidia. Watu wanadhani dawa mbili lazima zizidi moja. Sivyo. Marekani walishawahi kuwagawa wagonjwa 739 wenye saratani ya matiti iliyosambaa: wengine doxorubicin, wengine paclitaxel (zote ni dawa za kemo), wengine zote mbili kwa pamoja. Matokeo yalichapishwa 2003. Waliopewa zote mbili, uvimbe ulisinyaa kwa wengi zaidi. Lakini hawakuishi muda mrefu kuliko waliopewa moja kisha wakabadilishiwa nyingine. Kama wasingelinganisha, leo kila mama angemiminiwa sumu mbili kwa mpigo na watu wangeshangilia kipimo.

Mama Zuhura: Mmh. Kwa hiyo uvimbe unapungua na mtu haongezewi siku?

Da Mwajuma Dar: Inatokea dada. Ndo maana mimi nikisikia "dawa mpya mchanganyiko" nauliza kwanza imelinganishwa na nini.

Kaka Athumani Mombasa: Na hizo mbili za Ma'mdogo nani alithibitisha?

Da Mwajuma Dar: Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika. Utafiti wake uliitwa CLEOPATRA. Wagonjwa 808, nchi 25, wote wana saratani ya matiti iliyosambaa yenye HER2 nyingi kama yeye. Wote walipewa trastuzumab na docetaxel, ambayo ni kemo, tiba bora ya wakati ule. Nusu wakaongezewa pertuzumab, nusu wakaongezewa dripu isiyo na dawa. Yaani hapo pia swali lile lile la Mjomba lilikuwepo.

Da Mwajuma Dar: Hiyo HER2 ni protini iliyo juu ya seli. Ili seli ipate amri ya kugawanyika, HER2 inashikana na mwenzake. Trastuzumab inaikamata sehemu moja. Pertuzumab inakaa pale pale penye kushikania, mwenzake akija hana pa kushika. Kwa hiyo hawakuchanganya kwa kubahatisha, walikuwa na sababu. Ila sababu nzuri haitoshi, ndo wakapima.

Da Mwajuma Dar: Upande wa pertuzumab ugonjwa ulitulia miezi 18.5 kabla ya kuanza tena kukua, upande wa pili 12.4. Hapo tunahesabu mgonjwa wa katikati, kuna waliopata zaidi na waliopata pungufu. Kuishi: miezi 56.5 kwa 40.8. Na walipofuatiliwa hadi miaka minane, kati ya kila 100 waliopata zote tatu, 37 walikuwa hai. Upande wa pili 23. Majibu ya mwanzo yalipodhihirika, waliokuwa kwenye dripu tupu na bado wako kwenye utafiti waliruhusiwa kuhamishiwa dawa yenyewe.

Mwanaidi wa Birmingham: Da Mwajuma, miezi 16 ya tofauti. Mimi hapa nalia.

Da Mwajuma Dar: Lia mdogo wangu. Hao waliopata dripu tupu wengi wameshatangulia mbele ya haki, na dawa anayochomwa mama yako imetoka kwenye mikono yao.

Mjomba Salehe: Madhara je? Usinifiche.

Da Mwajuma Dar: Sikufichi. Pertuzumab iliongeza kuhara, karibu 67 kati ya 100 waliharisha, upande wa pili 46. Vipele pia. Moyo waliuogopa sana kwa sababu trastuzumab inaweza kuudhoofisha, lakini kuongeza pertuzumab hakukuzidisha hilo. Kidonge hiki kipya nacho kina maudhi yake, Mwanaidi asome ukurasa wa 9 taratibu: kuhara, na ini kupimwa mara kwa mara kwa damu. Kwa mtu ambaye ini lake lilishaguswa, hapo mimi ningeuliza maswali mengi.

Mama Zuhura: Na ile juisi ya mlonge niliyomtumia kwa mgeni?

Da Mwajuma Dar: Aiweke kabatini dada, amwonyeshe daktari chupa. Ini likicheza watashindwa kujua ni kidonge au ni mlonge.

Mama Zuhura: Sawa. Nilituma kwa mapenzi.

Da Mwajuma Dar: Tunajua. Na Mjomba, akiingia leo anaweza kutoka kesho, haulizwi sababu na tiba yake haikatwi. Akikataa pia haikatwi. Hiyo imeandikwa ukurasa wa pili.

Mjomba Salehe: Mama yetu hapa nyumbani nimemsomea yote. Anasema hivi, naandika kama anavyosema: "Asitie sahihi kwa ajili ya kutufurahisha, na asikatae kwa ajili ya kumwogopa Salehe."

Ma'mdogo: Shikamoo mama. Shikamoo kaka. Nilikuwa nasoma tu, kuandika kwa vidole hivi ni kazi.

Ma'mdogo: Kura siiogopi. Kura nimepigiwa siku nilipojigusa chini ya kwapa nikakuta gololi. Kinachonisumbua ni kidogo. Hapa nyumbani Mwanaidi anafanya kazi usiku. Nikianza kuhara saa nane za usiku, peke yangu, nampigia nani? Karatasi zote nimesoma, hilo sijaliona.

Da Mwajuma Dar: Ma'mdogo hilo ndilo swali la kwanza la Alhamisi. Bila namba inayopokelewa usiku na mchana usitie sahihi.

Mwanaidi wa Birmingham: Ipo mama, ukurasa wa 21, kwa maandishi madogo. Naipigia sasa hivi.

Mwanaidi wa Birmingham: Kapokea nesi, mlio wa tatu. Jumapili hii.

Ma'mdogo: Basi iandike kubwa uibandike kwenye friji. Na hilo la ini la Mwajuma uniandikie kwa Kiingereza kwenye karatasi, nimuulize daktari mimi mwenyewe. Nikiridhika na majibu yake natia sahihi.

Mjomba Salehe: Alhamisi saa ngapi?

Mwanaidi wa Birmingham: Saa nne asubuhi huku, saa saba mchana kwenu.

Mjomba Salehe: Tukitoka kuswali adhuhuri tutakaa na mama hapa ukumbini. Mwanaidi, utupigie ukiwa ndani ya chumba, na mimi nimsikie huyo daktari.