Picha za setilaiti kutoka seva ya mbali zinafika zikiwa zimepunguzwa: nawezaje kupata pikseli zote?

Mchunguza_Jicho

Ndugu wataalamu, naomba msaada katika jambo ambalo limenisumbua kwa wiki mbili sasa. Ninafungua picha za GOES-19, setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani, kutoka seva ya mbali, kwa programu inayotumia itifaki ya ADDE, yaani utaratibu wa kuomba picha kutoka seva kwa vigezo. Chaneli ninayoihitaji ni ya 2, yaani ile ya mwanga mwekundu wa mikromita 0.64, ambayo kwa maelezo yote niliyoyasoma ina pikseli za nusu kilomita. Lengo langu ni kuchunguza ukuta wa jicho la kimbunga kikiwa baharini, na hasa vile vizunguko vidogo vya mawingu vinavyojitokeza ndani ya jicho wakati jua liko chini na vivuli ni virefu.

Picha inayofika hupendeza ikitazamwa nzima, lakini nikiikuza naona miraba mikubwa tu, na jicho lenyewe huwa madoa machache yasiyo na umbo. Nilipohesabu niligundua kwamba nimepewa mistari 1356 yenye elementi (pikseli za mstari) 1356 kila mmoja, ilhali diski kamili, yaani picha ya uso wote wa dunia unaoonekana na setilaiti, kwa chaneli hiyo ina pikseli 21,696 kwa 21,696. Nilipochunguza vigezo vya ombi nikaona kwamba kigezo cha ukuzaji kimewekwa −16 bila mimi kukigusa. Nikakibadilisha kuwa 1, nikapata mraba mweusi usio na kitu chochote. Nikajaribu kuomba diski nzima kwa ukuzaji wa 1, programu ikaganda kwa dakika kadhaa, kisha ikajifunga ikidai kumbukumbu imekwisha.

Je, seva ina picha kamili, au inahifadhi nakala hafifu tu? Na kama inayo, kwa nini nilipoiomba nilipewa giza?

Mistari_na_Elementi

Ndugu Mchunguza, seva inayo picha kamili, na ulichopewa mara zote mbili ndicho ulichokiomba, ingawa aliyeomba mara ya kwanza alikuwa programu yako na si wewe. Programu nyingi za aina hiyo hutazama upana wa dirisha la kuonyeshea, zikagawanya ukubwa wa picha kwa upana huo, kisha zikaomba kiasi kinachotosha kujaza kioo. Gawanya 21,696 kwa 16 utapata 1356 kamili. Huo si ubaya, kwa sababu anayetaka kuona hali ya hewa ya nusu ya dunia hahitaji pikseli milioni 470, lakini kwa kazi yako ni kikwazo.

Kabla ya kueleza lile giza, ningependa uelewe maana ya hiyo −16, kwa sababu wengi hudhani kwamba seva hukusanya pikseli 256 na kuzifanyia wastani. Sivyo. Seva huchukua mstari mmoja katika kila mistari 16, na ndani ya mstari huo elementi moja katika kila 16, na zilizobaki huziacha. Kwa hiyo kila pikseli uliyopewa bado inaeleza eneo la nusu kilomita, ila jirani yake yuko umbali wa kilomita nane, na programu huinyoosha ijaze nafasi iliyo kati yao. Ndiyo maana mawingu madogo huonekana kama madoa ya ghafla: wingu la kilomita moja likiangukia pikseli iliyochaguliwa huvimba likawa la kilomita nane, na likikosa kuangukia hapo hutoweka kabisa. Picha ya namna hiyo haifai hata kukadiria kiasi cha mawingu kwa kutazama tu, na binafsi naiona ya hatari kuliko picha iliyofifia kwa wastani, maana iliyofifia angalau humtahadharisha mtazamaji.

Sasa giza. Katika ombi la ADDE mambo matatu hufungamana: mahali, ukubwa na ukuzaji. Ukubwa, yaani SIZE, ni idadi ya mistari na elementi zitakazorudishwa baada ya ukuzaji, wala si eneo la ardhi. Ulipokuwa na 1356 kwa ukuzaji wa −16 ulifunika diski nzima. Ulipobadilisha ukuzaji pekee kuwa 1, zile 1356 zikawa pikseli 1356 zinazofuatana, yaani kipande cha takriban kilomita 678 kwa 678. Kipande hicho kilianza pale ombi la kwanza lilipoanzia, kwenye kona ya juu kushoto, na kona ya picha ya diski haimo ndani ya diski. Ulipiga picha kamili kabisa ya anga za juu.

Suluhisho ni kutaja mahali kwa latitudo na longitudo ya jicho la kimbunga, useme kwamba nukta hiyo iwe katikati ya picha na si kona yake, kisha uweke ukubwa wa 2000 kwa 2000 na ukuzaji wa 1 kwa mistari na 1 kwa elementi. Utapata eneo la kilomita kama 1000 kwa 1000, pikseli milioni nne, ambazo hata zikihifadhiwa kwa baiti nne kila moja hazizidi megabaiti 16. Diski nzima kwa hesabu hiyo hiyo ni karibu gigabaiti 1.9 kwa picha moja tu, kabla programu haijatengeneza nakala ya rangi na nakala ya makadirio ya ramani, kwa hiyo sishangai kwamba ilianguka. Jambo moja dogo linalowapoteza wengi: ukiandika maagizo kwa mkono katika McIDAS-X, mojawapo ya programu zinazotumia ADDE, longitudo za magharibi huandikwa kama namba chanya. Ukiweka alama ya kutoa kwa mazoea, utapelekwa upande wa pili wa dunia na kurudi kwenye giza lako.

Kelvini242

Maelezo ya ndugu aliyetangulia yanatosha kuhusu nafasi, lakini kuna upungufu wa aina nyingine ambao hauonekani kwa kukuza picha. Mchunguza, tazama kipimo ulichokiomba. Ikiwa ni BRIT, yaani kiwango cha mng'ao cha kuonyeshea kwenye kioo, umepewa baiti moja kwa pikseli, yaani viwango 256 tu vya mng'ao, ilhali chaneli ya 2 hupimwa kwa biti 12, ambazo ni viwango 4096. Ndani ya jicho la kimbunga, mawingu ya chini na ukungu mwepesi hutofautiana kwa mng'ao mdogo sana, na tofauti hizo ndizo za kwanza kupotea. Omba asilimia ya uakisi badala ya BRIT.

Kwa chaneli za infraredi hasara ni kubwa zaidi, na ina mantiki ya kihistoria inayofaa kujulikana. Ubadilishaji wa kawaida wa jotoridi kuwa BRIT una sehemu mbili. Kuanzia kelvini 242 kwenda juu, BRIT ni 660 ukitoa mara mbili ya jotoridi, hivyo kila hatua ni nusu kelvini. Chini ya 242, BRIT ni 418 ukitoa jotoridi, hivyo kila hatua ni kelvini nzima. Sehemu zote mbili hukutana kwenye 176. Mpango huo ulibuniwa ili kiwango kirefu cha majotoridi kienee ndani ya baiti moja, lakini matokeo yake ni kwamba vilele vya mawingu ya dhoruba, ambavyo ndivyo baridi kuliko vyote, ndivyo vilivyopimwa kwa hatua pana zaidi. Kilele cha kelvini 198 huwa 220, na kilele kinachochomoza juu yake kikiwa na tofauti ya nusu kelvini kinaweza kupewa namba ile ile. Ukiomba TEMP, yaani jotoridi lenyewe, tatizo hilo halipo.

Usitarajie pia chaneli ya 13 kuwa kali kama ya 2. Pikseli zake ni za kilomita mbili kwa asili, 5424 kwa 5424 kwa diski nzima, na hakuna kigezo kitakachobadilisha hilo.

Ndoo_ya_Faili

Kwa heshima zote kwa walionitangulia, sioni kwa nini mtu aanze na itifaki iliyobuniwa wakati mitandao ilikuwa finyu, wakati NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, imeweka faili asilia hadharani katika hifadhi ya wingu ya Amazon. Hapa nasema wingu la kompyuta, si lile tunalolitazama. Ndoo yenyewe, yaani sehemu ya hifadhi hiyo, inaitwa noaa-goes19, na haihitaji akaunti wala malipo. Ndani yake folda ya ABI-L1b-RadF hubeba diski nzima kila dakika 10, zikiwa zimepangwa kwa mwaka, siku ya mwaka na saa ya UTC. Zingatia kwamba ni siku ya mwaka na si tarehe ya mwezi: tarehe 1 Februari ni 032.

Jina la faili lenyewe ni maelezo tosha. M6C02 humaanisha mpango wa 6 wa kuchanganua na chaneli ya 2, G19 ni setilaiti, na namba ndefu inayoanza na herufi s ni wakati uchanganuzi ulipoanza. Kwa Python, maktaba za s3fs na xarray zitafungua faili bila kuipakua yote, kwa sababu data imefungwa katika vipande vidogo na husomwa vile tu vinavyogusa eneo lako. Viwianishi vya x na y vimeandikwa kama pembe za kutazamia kwa radiani. Vizidishe kwa kimo cha setilaiti cha mita 35,786,023 upate mita za makadirio ya ramani. Pembe ya pikseli moja ya chaneli ya 2 ni mikroradiani 14, na ukifanya hesabu utaiona ile nusu kilomita ikijitokeza.

Kwa kazi yako, hata hivyo, RadF siyo folda ninayokushauri uifungue. Fungua ABI-L1b-RadM. Hayo ni maeneo mawili madogo yanayohamishika, na waendeshaji wa setilaiti huyaelekeza mara nyingi juu ya vimbunga. Kila eneo huchanganuliwa kila dakika moja, na kwa chaneli ya 2 picha yake ni pikseli 2000 kwa 2000 hasa. Vizunguko vya ndani ya jicho hubadilika haraka mno kwa picha za kila dakika 10. Utaona hali mbili tofauti bila kujua kilichopita katikati.

Mistari_na_Elementi

Nakubaliana na Ndoo kuhusu RadM, na nilipaswa kuitaja mwenyewe. Kuhusu kusoma vipande bila kupakua, ningetahadharisha kidogo. Kila kipande kinachosomwa ni ombi lake kwa seva, na kwenye mtandao wenye ucheleweshaji mrefu maombi mengi madogo huchukua muda kuliko faili moja kubwa. Kwa diski nzima, kusoma vipande kuna faida dhahiri. Kwa faili za RadM, ambazo ni pikseli milioni nne za baiti mbili, yaani megabaiti nane kabla ya kubanwa, pakua faili lote ufanye kazi kwenye kompyuta yako.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaopitia seva za THREDDS, aina ya seva za data za hali ya hewa, kwa njia ya OPeNDAP, itifaki ya kuomba kipande cha faili. Huko mpangilio ni mwanzo, hatua, mwisho, kwa mfano Rad[8000:1:9999][10000:1:11999], na namba ya katikati ndiyo ndugu yake ile −16 ya ADDE: ikiwa si 1, unaruka pikseli. Namba zinazorudi ni nambakamili za biti 16 zilizobanwa, zinazohitaji kuzidishwa na kuongezwa kwa vigezo vilivyomo kwenye faili, na zimewekewa sifa ya _Unsigned, yaani zisomwe kama namba zisizo na hasi. Na usichanganye huduma hiyo na WMS ya seva hiyo hiyo, ambayo hukupa picha iliyokwisha kupakwa rangi, isiyo na vipimo ndani yake.

Mchunguza_Jicho

Nawashukuru nyote. Nilianza kwa ADDE kama nilivyoelekezwa, nikaweka kitovu cha jicho, 2000 kwa 2000, ukuzaji wa 1, na uakisi badala ya BRIT. Picha ilifika kwa sekunde chache, na kwa mara ya kwanza niliona ukingo wa ndani wa ukuta wa jicho ukiwa na mikunjo badala ya ngazi. Kisha nikapakua saa moja ya RadM, faili 60, na vizunguko viwili vinaonekana wazi vikizungukana.

Limebaki jambo moja linalonitatiza. Nilijaribu pia kimbunga kingine kilichokuwa karibu na ukingo wa diski, kwa vigezo vile vile, na picha ilikuwa imefifia na kubanwa upande mmoja. Nimekagua ukuzaji mara tatu, ni 1.

Kelvini242

Vigezo vyako ni sahihi. Nusu kilomita ni kipimo cha nukta iliyo chini ya setilaiti moja kwa moja, ambayo kwa GOES-19 iko kwenye ikweta, longitudo 75.2 magharibi. Pembe ya mikroradiani 14 haibadiliki, lakini kadiri unavyosogea kuelekea ukingo, setilaiti huitazama ardhi kwa mshazari na pikseli ile ile hufunika eneo kubwa zaidi, hasa kwa upande unaoelekea ukingoni. Ikiwa kimbunga hicho kipo upande wa magharibi, fungua noaa-goes18, kwa kuwa GOES-18 iko karibu na longitudo 137 magharibi. Kikiwa mbali zaidi kuvuka Pasifiki, tumia noaa-himawari9, ndoo ya setilaiti ya Japani; huko chaneli yenye pikseli za nusu kilomita ni ya 3, na diski hukatwa katika faili 10 za mistari inayofuatana, kwa hiyo pakua zile mbili au tatu tu ambazo kimbunga chako kimo.